Bendera na Ngao ya Taifa: kila alama ina maana gani, na sisi wa Rufiji tumo wapi

Mada ya leo ni ya darasani lakini inatuhusu wote. Chukua karatasi yoyote ya serikali, iwe cheti cha kuzaliwa, pasi ya kusafiria, hukumu ya mahakama au tangazo lililobandikwa pale ofisi ya kijiji. Juu yake utaikuta ile nembo ya bibi na bwana. Na mbele ya kila shule na kituo cha polisi kuna bendera. Tunaviona kila siku mpaka macho yamezoea. Ukimuuliza mtu maana ya rangi nne za bendera atataja tatu, ya nne ataanza kugugumia. Ukimuuliza lile shoka kwenye ngao linafanya nini, hapo ndo kimya kabisa.

Kwa hiyo nimeiweka yote hapa, kwa mwanafunzi na kwa mtu mzima. Na nitaenda mbele kidogo ya maelezo ya vitabuni. Ukiwa Kibiti, Mohoro au kule visiwani kwenye delta, alama nyingi za ngao ile ni vitu vilivyopita hapa hapa kwetu, vingine kwa heri na vingine kwa machozi. Mtu akizijua anaisoma ile karatasi ya serikali kwa jicho jingine.

BENDERA ILITOKA WAPI

Pwani yetu imepeperusha bendera nyingi za watu. Kulikuwa na bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar, ikaja ya Mjerumani, halafu ya Mwingereza. Mwingereza aliipa Tanganyika alama ya kichwa cha twiga, ikawekwa kwenye bendera nyekundu yenye ile ya kwao pembeni. Twiga mzuri, ila hakuna mtu aliyeulizwa.

TANU nayo ilikuwa na bendera yake ya kijani, nyeusi na kijani. Uhuru ulipofika, Desemba 9, 1961, bendera ya Tanganyika ikatokana na hiyo: kijani juu na chini, nyeusi katikati, na mistari miwili ya njano kati yake. Usiku ule Luteni Alexander Nyirenda alikuwa juu ya Mlima Kilimanjaro, akasimamisha bendera mpya na Mwenge wa Uhuru.

Upande wa pili wa maji, Zanzibar ilipata uhuru Desemba 10, 1963, ikiwa bado chini ya Sultani. Bendera ilibaki nyekundu, ikaongezewa duara la kijani lenye karafuu. Haikumaliza hata wiki 5. Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yakaiondoa, na baada ya hapo ikaja bendera ya bluu, nyeusi na kijani, rangi za Afro-Shirazi Party.

Aprili 26, 1964 nchi mbili zikaungana. Bendera moja ikatengenezwa kutoka kwenye hizo mbili, ikaanza rasmi Juni 30, 1964. Kumbuka wakati huo hata jina la Tanzania lilikuwa bado, lilikuja Oktoba 1964. Yaani bendera yetu ni kubwa kwa jina letu kwa miezi kadhaa.

RANGI NNE KWA KIFUPI

Kijani ni ardhi na uoto wake: misitu, mashamba, kilimo. Iko juu, upande wa mlingoti.

Bluu ni maji: bahari, maziwa na mito. Iko chini, upande unaopepea.

Nyeusi ni watu wenyewe. Inakata katikati kwa mshazari, inaanzia chini kwenye mlingoti inapanda mpaka pembe ya juu upande wa pili.

Njano, au dhahabu, ni madini na utajiri wa ardhini. Ni ile mistari miembamba miwili inayoshika nyeusi huku na huku.

Ukitaka kuikumbuka haraka, jiulize nani kapakana na nani: watu wako katikati, ardhi juu yao, maji chini yao. Kwa mtu wa delta ya Rufiji hiyo ni ramani ya kijiji chake tu.

Kitu kimoja wengi wanachanganya. Jembe na nyundo havimo kwenye bendera ya taifa wala kwenye ngao ya taifa. Hiyo ni alama ya CCM, chama kilichozaliwa Februari 5, 1977 TANU na ASP zilipoungana. Kwenye ngao ya taifa kuna jembe na SHOKA. Bendera ya taifa ni ya kila raia, mwenye chama na asiye na chama.

Na Zanzibar? Tangu Januari 2005 ina bendera yake ya bluu, nyeusi na kijani, yenye bendera ndogo ya Muungano kwenye kona ya juu karibu na mlingoti. Kwa hiyo ukienda Unguja ukaona mbili zinapepea usishangae, zote zipo kisheria.

NGAO SASA

Hapa ndo penye utamu. Ngao imegawanyika sehemu nne kutoka juu kwenda chini:

1. Dhahabu, ni madini ya nchi. Juu yake kuna mwenge unaowaka.
2. Bendera ya taifa.
3. Nyekundu, ni udongo wenye rutuba wa Afrika.
4. Mawimbi ya bluu na nyeupe, ni bahari, maziwa na mwambao.

Katikati kumesimamishwa mkuki, na shoka na jembe vimepishana. Pembeni wamesimama mwanamume na mwanamke, wameshika pembe za ndovu zilizoikumbatia ngao. Wanasimama juu ya Mlima Kilimanjaro. Miguuni kwa mwanamume kuna mkarafuu, miguuni kwa mwanamke kuna mpamba. Chini kabisa maneno mawili na kiunganishi: UHURU NA UMOJA.

Majirani zetu wengi waliweka wanyama. Kenya wana simba wawili. Uganda wana swala na korongo. Sisi, kama Zambia, tumeweka mwanamume na mwanamke. Na tuliowaweka si mfalme na malkia, ni watu wa kawaida, wenye zana za kazi mbele yao.

Kuhusu mchoraji: mwaka 2017 vyombo vya habari vilimtembelea mzee mmoja wa Buguruni, Dar es Salaam, Francis Maige Kanyasu, maarufu kama Mzee Ngosha, aliyesema yeye ndiye aliyeichora ngao hiyo. Alikuwa anaishi maisha magumu sana. Akapelekwa hospitali na akafariki Mei mwaka huo huo. Nchi nzima ilibaki inajadili. Mtu anasema kachora kitu kilichopo kwenye kila noti, na mwenyewe mfukoni hana noti.

MPAMBA: HAPA RUFIJI TUSIMAME KIDOGO

Vitabu vinasema karafuu na pamba ni mazao ya biashara na ni ishara ya ushirikiano. Wengi huvisoma hivi: karafuu ni Zanzibar, pamba ni Bara, kwa hiyo ni Muungano wenyewe. Na ukitaja pamba, mtu anafikiria Mwanza na Shinyanga.

Lakini pamba ina historia nyingine huku kusini mwa Pwani. Serikali ya Mjerumani ililazimisha watu kulima mashamba ya pamba kwa amri, chini ya majumbe na maakida, kwa viboko na malipo kiduchu. Mtu anaacha shamba lake la chakula anaenda kulima pamba ya mkubwa. Mwezi Julai 1905, kule Nandete kwenye milima ya Umatumbi, watu wakaingia shambani wakaing'oa mipamba. Huo ndo ukawa mwanzo wa Vita vya Maji Maji.

Na maji yenyewe yalitoka wapi? Ngarambe, Rufiji. Mganga Kinjekitile Ngwale alikuwa akiwapa watu dawa ya maji, wakimfuata kutoka mbali. Mjerumani akamkamata akamnyonga Mohoro mwanzoni mwa Agosti 1905, vita ikiwa ndo kwanza inaanza. Iliendelea mpaka 1907 ikafika Songea na Mahenge. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa ni 75,000, wanahistoria wengine wanafika 250,000 na zaidi. Wengi wao waliuawa na njaa, kwa sababu maghala na mashamba yalichomwa moto.

Sasa rudi kwenye ngao uangalie tena ule mpamba miguuni kwa yule mama. Mmea uleule uliong'olewa kwa hasira mwaka 1905 umepandwa kwenye alama ya taifa huru. Mimi sioni kama ni makosa. Baada ya uhuru wakulima wa bonde la Rufiji waliendelea kulima pamba, kwenye ardhi ya mlau, maji ya mafuriko yakishapungua. Tofauti ni nani anaamua na nani anapata. Pamba ya kiboko na pamba ya mkulima mwenyewe zinachanua maua yaleyale. Kwa hiyo mtu yeyote mwenye ofisi akija kumwambia mkulima wa huku alime nini na amuuzie nani kwa bei gani, ajue kwamba mmea uliopo kwenye barua yake ulishawahi kujibu swali hilo.

PEMBE ZA NDOVU

Pembe zinawakilisha utajiri wetu wa wanyamapori. Wanyama wenyewe wako hapo juu ya mto. Pori la Selous liliwahi kuwa na tembo zaidi ya 100,000 katikati ya miaka ya 1970. Ujangili ukala, wakapungua sana. Mwaka 1989 ikaja Operesheni Uhai, na mwaka huo huo Tanzania ilikuwa mbele kudai biashara ya pembe ipigwe marufuku duniani. Wakaongezeka. Ujangili ukarudi tena, na hesabu ya mwaka 2013 ikakuta wamebaki kama 13,000 tu. Mwaka 2014 Selous ikaingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, na mwaka 2019 sehemu yake kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Kwenye ngao pembe zimeshikwa na watu wawili kwa mkono. Ukizitoa, bwana na bibi hawana cha kushika. Lakini tuseme na la upande wa pili: mwanakijiji ambaye tembo kamlia mahindi yote usiku mmoja naye ni mmoja wa watu wale wawili. Kifuta jasho kikichelewa, unamwambia nini kuhusu urithi wa taifa?

SHOKA NA JEMBE

Maana rasmi: zana ambazo wananchi wanazitumia kujenga nchi. Huku kwetu shoka limejenga hata nchi za watu. Boriti za mikoko kutoka delta ya Rufiji zilipakiwa kwenye majahazi kwenda Zanzibar, Lamu na mpaka Uarabuni. Nyumba za zamani za huko zimeezekwa kwa miti ya hapa. Delta ina zaidi ya hekta 50,000 za mikoko, ni msitu mkubwa kabisa wa aina hiyo Afrika Mashariki, na tangu enzi za Mjerumani uko chini ya serikali.

Jembe nalo lina kesi yake. Mwaka 1968 na 1969, baada ya mafuriko makubwa, Operesheni Rufiji iliwahamisha watu kutoka bondeni kwenda vijiji vya ujamaa vya juu. Nyumba zikahama, mashamba yakabaki bondeni, watu wakawa wanarudi kulima na kulala kwenye madungu kufukuza ndege na nguruwe. Kule delta mvutano ni wa mpunga na mikoko: mkulima anasema babu yangu kalima hapa, mhifadhi anasema huu ni msitu wa serikali na bila mikoko hakuna kamba wala samaki. Wote wawili wana hoja. Ila angalia ngao vizuri: shoka na jembe vimepishana katikati, kimoja hakikumlalia mwenzake. Mpango unaolinda mti ukamsahau mtu, au unaomlisha mtu ukamaliza mti, umeondoa zana moja.

MKUKI

Ni ulinzi wa uhuru. Wa nje na wa ndani.

Miaka ya 1990 mwishoni ulipangwa mradi mkubwa wa kufuga kamba kwenye delta. Wakazi wengi waliona utawamalizia mikoko na mashamba, wakapinga mpaka mahakamani, na mradi haukujengwa. Huo nao ni mkuki, na hakuna damu iliyomwagika.

Damu ilimwagika baadaye. Mwaka 2016 na 2017 Kibiti, Rufiji na Mkuranga zilipita kipindi kibaya. Wenyeviti na watendaji wa vijiji waliuawa mmoja mmoja, watu wenye mhuri wa kijiji mkononi. Aprili 13, 2017 askari polisi 8 waliuawa Mkengeni kwa siku moja. Watu wakawa wanafunga milango jua halijazama, pikipiki usiku hakuna. Hali ilitulia, lakini ziko familia zinazoomboleza na ziko zinazouliza ndugu yao yuko wapi. Aliyeishi huku kipindi kile hahitaji mwalimu wa kumfundisha neno UMOJA linakaa pale chini ya ngao kwa sababu gani.

MWENGE

Mwenge uko juu kabisa, kwenye dhahabu. Maana yake ni uhuru, mwanga na maarifa. Watoto wanaujua kwa mbio zake za kila mwaka, unapokelewa kwa ngoma na kuzindua miradi. Sawa. Ila mwanga kazi yake ya kwanza ni kumulika. Novemba 21, 2017 mwandishi wa kujitegemea wa gazeti la Mwananchi, Azory Gwanda, aliyekuwa akiandika habari za mauaji ya huku, aliondoka Kibiti na watu waliokuja kumchukua. Mpaka leo familia yake haijapata jibu. Ukiuangalia mwenge kwenye ngao mkumbuke na yeye.

MAWIMBI NA UDONGO

Udongo wa kwenye ngao ni mwekundu. Wetu wa bondeni ni tope jeusi, na linaotesha kuliko huo mwekundu (wa Umatumbi msininunie, natania). Tope lile analileta mto. Wazee wanajua mafuriko ya kiasi ni neema, yanarutubisha shamba bila mbolea na yanaleta samaki mabwawani. Yakizidi ni msiba. Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zilizama, mashamba na nyumba zikaenda. Serikali ilisema ni mvua kubwa na kwamba Bwawa la Julius Nyerere limepunguza makali. Wakazi wengi walitaja maji yaliyoachiwa bwawani. Bwawa lile lina uwezo wa megawati 2,115 na umeme wake unawasha nchi nzima. Mawimbi ya kwenye ngao yako chini kabisa, yanabeba vyote vya juu. Ni kama sisi watu wa mwisho wa mto: kila kinachoamuliwa huko juu kinatufikia kwa maji.

BWANA NA BIBI

Wako sawa kwa urefu na wameshika pembe sawa. Huku kwetu mwanamke kwenye siasa si jambo la juzi. Bibi Titi Mohamed, aliyewaingiza wanawake kwa maelfu TANU, alikuwa mbunge wa Rufiji, akakosa kiti mwaka 1965. Yule mama wa kwenye ngao hana jina, na ni vizuri hivyo. Kila mmoja aweke la mama yake.

MAMBO YA KUZINGATIA

Bendera hupandishwa asubuhi na kushushwa jioni. Ukiwa karibu unasimama. Haiburuzwi chini, haipepei ikiwa imechanika. Kwenye msiba wa kitaifa inakuwa nusu mlingoti. Ikining'inizwa hakikisha kijani kiko juu upande wa mlingoti, nimeona shughuli nyingi imegeuzwa bluu juu na hakuna anayeshtuka. Ipo Sheria ya Nembo za Taifa, kwa hiyo usichukue ngao ukabandika kwenye bidhaa au duka lako bila kibali. Na vijana wa kuchora fulana, muulize kwanza ndo mchore.

KWA KUMALIZIA

Ngao ile watu huiogopa kwa sababu wanaiona kwenye barua za kuitwa, za faini na za kuhamishwa. Lakini ukiisoma kipande kwa kipande unakuta jembe lako, shoka lako, maji yako na pamba ya babu yako. Mwenye barua ameazima vitu vyako kuipamba. Kwa hiyo ukienda ofisini na shida yako usiingie umeinama kama unaomba. Salimia vizuri, kaa, eleza. Aliyesimama pembeni ya ngao ni wewe.

Wazee wa Utete, Mohoro, Ikwiriri na Nyamisati, nawaomba: mwenye kumbukumbu za kilimo cha pamba bondeni, bei zilikuwaje na magunia yalikwenda wapi, atuwekee hapa chini. Vijana hatuna pengine pa kuzipata.

Nawasilisha.